Mzee Aliyeniamkia Mtoni

Nina miaka ishirini na tano. Cheka kwanza, ukimaliza kaa nikueleze, maana haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Mwaka jana, 1998, nilikuwa mpishi wa bwana mmoja wa Morningside, hapa Durban, Afrika Kusini, aliyekuwa akipeleka watalii kwenye mto wa jangwani, safari ya siku mbili kutoka mjini. Dereva alikuwa Papy, Mkongo, tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja pale South Beach. Mto wenyewe uko ndani ya hifadhi. Unapita chini kabisa ya korongo, kuta za mawe mekundu huku na huku, na askari wa getini alituonya tusiokote hata kijiwe. Humo ndani, alisema, haishi mtu.

Hilo nililisahau upesi, mjinga mimi.

Ilikuwa saa saba mchana. Bosi na watalii walikuwa wameondoka na mitumbwi, Papy amelala kwenye kivuli cha gari. Mimi nasugua sufuria kwa mchanga ukingoni. Kuinua macho, namwona mzee ameketi kwenye jiwe, hatua tatu tu kutoka nilipo. Kanzu imechakaa, mgongo umepinda, mikono inatetemeka. Alitokea wapi? Sikusikia hata kokoto ikisogea.

"Shikamoo, baba," akaniambia.

Kiswahili cha pwani! Na Papy tunaelewana, lakini chake ni cha Lubumbashi. Cha kwetu Tanga sikuwa nimekisikia kwa miezi. Furaha ikanipumbaza. Nikadhani ananitania, maana nani kwetu asiyejua kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa? Nami nikarudisha utani kwa sauti nzito ya kizee: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Wallahi, sijafunga hata mdomo, baridi ikaniingia magotini, na jua lile linawaka. Sufuria ikanilemea, ikaanguka. Mzee akasimama. Mgongo ukanyooka mbele ya macho yangu, ndevu nyeupe zikawa hazipo. Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo inayoniudhi mpaka leo, kisha akaruka jiwe hadi jiwe akapotelea korongoni. Nilitaka kumkimbiza. Nilishindwa hata kuinuka.

Kishindo cha sufuria kilimwamsha Papy. "Papa, weye ni nani?" akauliza huku akirudi nyuma. "Mupishi wetu iko wapi?"

"Papy, ni mimi."

Alilitazama shati langu, kisha mikono yangu iliyokunjamana. "Eish," akasema, akaanza kulia.

Kazi niliachishwa wiki ileile. Mwezi uliopita nilimpigia mama simu, kwa jirani yake Tanga. Nikamwambia, "Mama." Akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Tafadhali, nipe mwanangu niongee naye." Nikaiweka simu chini. Ningemwitikia nini?

Dawa yake naijua. Nimwamkie kijana, naye aitikie, basi. Vijana wa kwetu wanapita hapa South Beach kila siku, na mara mbili neno limenifika kwenye ulimi nikalimeza. Namwogopa Mungu, lakini miaka yangu naitaka. Kwa hiyo wewe kijana, mzee akikuamkia shikamoo, usicheke wala usiitikie. Kimbia, hata kama mzee huyo ni mimi.