Magadi kwa Magoti ya Bibi

Nianze na upumbavu wangu: nilijificha nyuma ya pazia, redio imezimwa, nikamsomea bibi tangazo la tapeli kwa sauti ya mtangazaji.

Karatasi ya tangazo hilo ilifika kwetu Dodoma kutoka Kibaigwa, imefungiwa dagaa. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu anauza anachokijua na asichokijua, na nyuma ya soko la mahindi alikuwepo bwana mmoja mwenye koti jeupe aliyejiita daktari wa mimea. Alidai sukari, macho, magoti na hata mikosi vimejificha kwenye utumbo, na dawa ni kuusuuza kwa mpira unaoingizwa nyuma. Yaani ukifeli hesabu, hukwenda choo vizuri.

Nilidhani bibi atacheka. Lakini bibi hajui kusoma, na kwake kilichosemwa na redio kimesemwa na serikali. Kesho yake, mimi nikiwa shule na mama kazini, alipanda lori la mahindi kuyapeleka magoti yake Kibaigwa.

Yule bwana hakuuliza hata anaumwa nini. Alikoroga magadi, haya haya ya kulainishia mlenda, pamoja na pilipili kwenye ndoo. Mpira alioutoa kwa mgonjwa aliyetangulia aliufuta kwa kitambaa, basi. Bibi alipolia kwamba anaungua, akaambiwa huo ni uchafu unaaga. Daktari gani huyo! Hata mlenda asingeupika.

Jioni bibi alirudishwa amejikunja, anaharisha damu. Hospitali wakamtundikia dripu, na siku mbili hakuna aliyetuahidi kwamba atapona. Nesi alisema hata wao huosha tumbo, ila kwa aliyefunga choo kweli au anayesubiri upasuaji, kwa maji salama na vifaa safi, tena wakimwangalia. Nikauliza, na magoti je? Akanitazama kama mjinga. Hakukosea.

Siku ya tatu bibi akafumbua macho. Nikamwamkia.

"Marahaba, mume wangu," akasema kwa shida. "Yule wa redio alisema haiumi."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Redio yetu anaijua, na mdomo wangu anaujua zaidi. Hakunipiga. Alinisukumia beseni la shuka za bibi, akasema:

"Fua mwenyewe, dada yako asikusaidie. Ukimaliza, uje ukae hapa kitandani umwambie bibi yako nani alisoma. Mimi simwambii."