Magige na Ua wa Minyaa

Katika kijiji kizima cha Nyakisara hakukuwa na kinywa kama cha Magige, na Nyakisara hakikuwa kijiji cha mabubu. Mpe jambo lolote, kupanda pamba kwa mistari, faida ya choo, maana ya kujitegemea, atalisimamia mbele ya watu na kulieleza mpaka wazee waliosinzia waamke wadai lirudiwe. Wakubwa wakija kutoka Musoma walimuulizia kwa jina. Alikuwa kijana bado, mrefu, ana shati moja jeupe la mikutano na moyo mweupe kuliko hilo shati. Hili lisemwe mapema, kwa sababu katika habari hii atafanya jambo la aibu, na haitakuwa haki mtu akimchukia.

Kasoro yake ilikuwa masikioni. Masikio alikuwa nayo, tena makubwa, ila hakuyapa kazi. Zile siku za kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokaa kwa vikundi kusikiliza mafunzo ya redio, Magige ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao. Redio ikianza kusema, yeye aliipunguza sauti ili apate nafasi ya kueleza inachosema. Rafiki yake Enoka, fundi baiskeli, akamwita Redio. "Na yeye ni hivyohivyo," alisema Enoka. "Anasemaga tu. Umeona wapi mtu anaijibu redio?" Jina likashika, na mwenyewe alilipokea kama sifa.

Mke wake, Wankyo, alikuwa mtu wa maneno machache. Walipendana, kila mtu aliliona hilo. Walijaliwa mtoto mmoja, Silasi, naye alifariki wakati wa masika, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Siku hiyo Magige alikuwa Musoma kwenye semina. Alirudi akakuta kaburi bichi. Alilia kwa sauti, akajitupa chini, kisha akainuka akafanya alichokuwa anakiweza: aliwashukuru waombolezaji, akawafariji wakwe, akasema maneno mazuri ambayo watu waliyakumbuka muda mrefu. Wankyo alikaa pembeni, kichwa amekifunika kanga.

Mwaka uliofuata ikaja amri ya kuhamia vijijini. Wapima viwanja walikuja na kamba na vigingi, wakapanga nyumba kwa mistari iliyonyooka, na kamba haijui mkwe ni nani. Magige alipoonyeshwa kiwanja chake, akakuta kinachopakana nacho ni cha mzee Nyamburi, mjane, mama mzazi wa Wankyo.

Kijiji kilicheka wiki nzima. Mahali pengine mtu akipata mkwe jirani hushukuru Mungu. Huku mama mkwe humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na ndani kwake huingii hata nyumba ikishika moto. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia unaingia kwenye majani upande wako, naye anaingia kwenye majani upande wake, na njia inabaki peke yake. Sasa hawa wawili wangepishana wapi? Magige alitoa hotuba nzuri sana kwa bwana mpima. Bwana mpima aliisikiliza yote, akamsifu, akamwambia kila mtu na kiwanja chake. Basi wakapanda ua wa minyaa katikati, ukamwagiwa maji na pande zote mbili, ukakua haraka.

Lakini ujirani haukwepeki. Mbuzi wanatoroka, moto unazimika, upepo unaezua nyasi. Ndipo Nyamburi akaanza kuzungumza na kuku. Alikuwa na tetea mmoja mwekundu, akisimama naye karibu na minyaa, anamwambia kwa sauti, "Wewe kuku, ungekuwa na akili ungejua kwamba kuna mbuzi wa watu wamekula mihogo yangu. Nimemaliza." Upande wa pili Magige anakohoa kuonyesha yupo, kisha anamgeukia mbwa wake, ambaye alimpa jina la Siasa. Utaratibu ulikuwa huu, na ni wa zamani kuliko kijiji: mkwe hakatizwi mpaka aseme amemaliza, na kabla hujajibu lako, unalirudisha kwanza lake kama lilivyo, ili aliyelituma ajue limefika.

"Siasa, umesikia?" anasema Magige. "Mbuzi wetu wamekula mihogo. Na hili linatokana na kukosa mpango wa malisho, kwa hiyo kamati ya kijiji ingepaswa..."

"Kuku," anasema Nyamburi, "mimi nimekutuma na mihogo tu. Hiyo kamati umeiokota wapi?"

Na Wankyo, anayepepeta mtama uani, anacheka mpaka anaficha uso kwenye ungo. Alikuwa ameanza kucheka tena, na mama yake alilisikia hilo kupitia minyaa, akazidi kumtafutia kuku maneno.

Ikafika siku ya mkutano wa maji na vyoo. Wageni kutoka Musoma wamekaa vitini, mwenyekiti wa kijiji, mzee Felisiani, amefungua, na Magige amesimama na shati lake. Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wanawaza palizi ya pamba, na Magige aliona wanamponyoka, mmoja anapiga miayo, mwingine anachora chini kwa kijiti. Msemaji akiona hivyo hutafuta mfano wa kuwarudisha, naye akatafuta, akanyoosha mkono akaushika uliokuwa karibu.

"Nisiwapeleke mbali," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwaga na mtoto. Mama yake hakuchemsha maji. Mtoto huyo mnamwona hapa?"

Uwanja ukawa kimya. Magige, maskini, alidhani ule kimya ni wa kumkubali, akaendelea na vyoo. Hakumwona Wankyo akiinuka katikati ya wanawake. Aliporudi nyumbani hakukuta moto. Mkewe alikuwa ameupita mlango wao, akaingia kwa mama yake.

Angekimbilia Kibara kwa wajomba, Magige angepanda baiskeli ya Enoka akamfuata. Angekwenda Bunda, kuna magari. Lakini alikuwa pale, nyuma ya minyaa, karibu kiasi kwamba Magige alimsikia akikohoa moshi wa jikoni, na pale mkwe wa kiume hakanyagi. Alimtaka mke wake kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuwa na njia ya kumfikia isipokuwa ile aliyoiharibu, yaani mdomo.

Akautumia. Alisimama kwenye ua akatoa hotuba ya msamaha, ina mwanzo, ina kati, ina mwisho. Aligusia udhaifu wa binadamu. Aligusia umoja wa familia katika ujenzi wa taifa. Majirani walikuja na vigoda vyao kusikiliza, na Jilala, mzee wa nyumba ya tatu, alifuta machozi. Upande wa pili hakukujibiwa neno. Kesho yake akaja na hotuba nyingine, bora zaidi.

Akabadili mbinu. Alikwenda mpaka sokoni Mwigobero akanunua furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu na wa kutosha, akamtuma Enoka awapeleke. Kikapu kilirudi kitupu, kimeoshwa. "Samaki wamepokelewa," Enoka alimwambia. "Wanakula vizuri tu. Kuhusu wewe sijasikia kitu." Akatuma wazee wa ukoo, kama inavyopasa. Walikaribishwa, wakapewa uji, wakarudi wakisema mama mkwe hamzuii mtu, na mke hasemi.

"Labda sijaeleza vizuri," alisema Magige.

Enoka alimtazama, akarudi kwenye kuziba pancha.

Siku hiyo jioni, jua bado halijazama, Nyamburi alikuja uani na tetea wake. Magige akakohoa.

"Kuku," alisema Nyamburi, na sauti yake haikuwa ya utani, "tulia nikuambie. Jirani yetu ni mtu mwema, mimi nilimpenda tangu siku alipokuja kuchumbia akaongea mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Samaki wake ni watamu. Wazee wake wana adabu. Hotuba zake tumezisikia mpaka wewe umeacha kutaga. Lakini tangu mjukuu wangu afe, watu wamemwambia binti yangu maneno, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Nimemaliza."

Magige alifungua mdomo. Majibu yalikuwa tele. Angeweza kusema alimfariji, alimtunza, hata yeye alifiwa. Lakini utaratibu ni utaratibu, na huyu alikuwa mkwe. Kwanza arudishe.

"Siasa," alisema. "Anasema... hakuna aliyemuuliza binti yake."

Akabaki hapo. Neno la mtu ukilirudisha kama lilivyo, ni lazima lipite kinywani mwako mwenyewe, na hili lilimchoma lilipokuwa linapita. Nyamburi alisubiri ile kamati, haikuja. Akambeba kuku wake taratibu, akaondoka.

Asubuhi Nyamburi alichukua jembe, akamtangazia kuku, na majirani wote pamoja naye, kwamba anakwenda shamba la mbali na harudi upesi. Magige aliketi chini kando ya minyaa. Alimsikia Wankyo akimenya mihogo.

"Wankyo," alisema. "Siku ile mtoto alipokufa, mimi sikuwepo. Sijawahi kukuuliza. Ilikuwaje?"

Kisu kilisimama. Kilikaa kimesimama muda mrefu, na kwa Magige kukaa bila kusema muda wote ule ilikuwa kazi kuliko kung'oa visiki.

"Mimi nilikwambia asubuhi kwamba ana joto," Wankyo alisema mwishowe. "Ukanijibu habari za semina."

Ulimi wa Magige uliruka wenyewe. Alitaka kusema semina ile ilikuwa ya lazima. Akaung'ata. "Uliniambia ana joto," alisema. "Nikakujibu habari za semina."

"Ulipotoka tu akaanza kuharisha. Nikambeba nikakufuata mpaka barabarani. Lori lilikuwa bado limesimama. Wewe ulikuwa umeshapanda, unawaeleza watu jambo, wanacheka. Nikakuita. Nikakuita tena. Likaondoka."

Kwamba injini ya lori inanguruma, kwamba alikuwa amempa mgongo, yote hayo yalikuwa kweli, na Magige hakusema hata moja. "Uliniita," alisema. "Sikugeuka."

Akamsikia analia. Hakuwa amemsikia akilia tangu mazishi, wala hakuwa amegundua kwamba hajamsikia. Alishika shina la minyaa mpaka utomvu ukamtiririkia mkononi.

"Na maji," Wankyo alisema kati ya kilio, "maji nilichemsha. Mvua ilikuwa haikatiki, kuni zote zimelowa. Nilipasua kigoda cha marehemu baba nikachemshia. Kile kigoda alichoniachia. Nilichemsha, Magige. Halafu ukasimama mbele ya watu."

Mama wa watu alikuwa amechoma urithi wake kijiti kwa kijiti ili mtoto anywe maji salama, na mumewe akaenda kumtangaza kijiji kizima kuwa mvivu. Magige aliinamisha kichwa mpaka magotini.

"Ulichemsha," alisema. "Ulipasua kigoda cha baba. Mimi nikasimama mbele ya watu."

"Ndiyo," alisema Wankyo. "Mbele ya watu." Akarudi kwenye mihogo yake. Hakuja siku ile, wala iliyofuata.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa pamba. Kabla haujaanza, Magige alimwomba mzee Felisiani nafasi, na watu wakajiweka sawa, maana Redio akiomba nafasi unajua utakaa kutwa. Alisimama. Hakuwa amevaa lile shati.

"Nilisema hapa neno juu ya mke wangu," alisema. "Neno lile halikuwa kweli. Mimi sikuwepo, na sikuuliza. Aliyekuwepo yuko pale. Akipenda kusema, mimi nitasikiliza."

Akakaa chini, kwenye vumbi, mbele kabisa.

Watu walisubiri maneno yaliyobaki. Mzee Felisiani naye alisubiri, kisha akamuinamia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

Wengine walidhani anaumwa. Kisha Wankyo akainuka katikati ya wanawake, na vichwa vyote vikageuka. Hakupaza sauti. Waliokuwa nyuma walilazimika kusogea mbele ili wamsikie, nao walisogea. Alisema mwanawe aliitwa Silasi. Alisema jinsi alivyokuwa akitembea, kwamba alipenda kuwafukuza kuku wa bibi yake na kuanguka na kucheka. Alisema habari za joto, za lori, za kigoda. Wanawake walikuwa wanalia, na Enoka aligeukia upande mwingine. Mahali fulani alisahau neno, akanyamaza akilitafuta, na uwanja mzima ulimtazama Magige, kwa sababu Magige alikuwa analijua lile neno, usoni alionekana kabisa kuwa analijua. Machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni. Hakumsaidia. Alisubiri, na Wankyo akalipata mwenyewe.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Wankyo alijifunga kanga yake vizuri, akapita katikati ya watu, akaja mpaka pale mbele alipokuwa amekaa mumewe.

"Inuka," alimwambia. "Twende nyumbani."