Ngendo Wawili, Magoti ya Mmoja

Ngendo wa Gitothua huuza miche ya avokado kando ya barabara na kumgombeza mteja yeyote anayeshikashika majani. Ana mdomo kweli, lakini roho yake safi. Jina lake kamili, Tabby Ngendo, analo pia mjukuu wake, maana kwao Wakikuyu binti wa kwanza wa mwana wa kiume huitwa jina la nyanya. Mwanawe Kinyanjui humwita binti huyo "mama", na Ngendo akisikia hivyo huona raha tele.

Basi Ngendo mdogo, wa miaka saba, akaanguka kutoka juu ya mpera, akavunjika goti. Daktari wa Thika akasema apasuliwe upesi, la sivyo mguu utapona ukiwa umepinda. Kampuni ya bima ikakataa kulipa. Eti mgonjwa alikuwa na magoti yaliyolika tangu kabla hajaingia kwenye bima.

"Yalilika na nini?" Ngendo akauliza. "Amebeba kuni za nani?"

Kinyanjui alipiga simu hadi akachoka. Ngendo naye alikuwa ameshaelewa: magoti yaliyolika yalikuwa yake yeye, maana naye yumo kwenye bima hiyohiyo, na kule kwenye kompyuta wamesoma jina tu bila kuangalia umri. Kila alipomwona mjukuu akijikokota ukutani, moyo ulimuuma.

Jirani yao Dorine akawaambia kuna mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima, na mwananchi yeyote anaweza kulalamika huko. Kinyanjui akataka kutuma barua pepe.

"Barua pepe haina magoti," Ngendo akasema. Akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, wakaenda Nairobi.

Ofisa wa mamlaka aliwasikiliza, kisha akamwita mtu wa kampuni. Alipofika, Ngendo akapandisha sketi kidogo. "Haya ndiyo magoti mliyoyasoma. Mgonjwa wenu ni huyu hapa."

Mtu wa kampuni akacheka, akaona ofisa hacheki, akatoa kalamu. Aliambiwa alete jibu jipya upesi. Likaja wiki hiyohiyo: watalipa.

Jumapili moja, miezi kadhaa baadaye, wakitoka kanisani, mjukuu alimwambia nyanya yake, "Cucu, tushindane mpaka kwa geti." Ngendo alishindwa vibaya sana. Akasimama katikati ya njia, anahema, machozi ya furaha yakimtoka, na kule mbele mtoto anaruka kwa mguu uleule akimwambia akazane.