Fundi Aliyetoa Mishono Nje

Jumamosi iliyopita nilikuwa njia panda ya Sonatubes nikirudi nyumbani Kabeza baada ya siku nne za kazi Butare. Kwapani nilikuwa na suruali iliyopasuka magotini, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yetu mwenye duka la chumvi na sabuni. Akaitazama ile suruali, akaniuliza naipeleka wapi. Kwa fundi, nikamjibu, kwani tuna mwingine? Akanishika mkono. "Pole, bwana. Fundi haiko tena. Homa ilimushika siku tatu tu, jana tulimuzika." Naona haya kuandika kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa suruali. La pili lilikuwa binti yangu, na hilo ndilo lililonikalisha juu ya sanduku langu kando ya barabara, nikalia mbele za watu. Wanaonisoma wanajua mimi si mtu wa machozi. Safu hii naitumia zaidi kugombana.

Jina lake sitalitaja, maana hakupenda kutajwa hata katika harusi alizoshonea nguo. Alikuwa Mwislamu, mjukuu wa mchuuzi wa pwani aliyefika huku na marobota ya vitambaa, akaoa, asirudi tena. Cherehani yake ilikaa barazani, na yeye nyuma yake, futi ya kupimia shingoni, akibishana na kila apitaye. Kwa suti na magauni alikuwa fundi kama mafundi wengine, tena mvivu kidogo. Nilingojea koti langu miezi miwili. Nguo za watoto wachanga ndizo zilizompa sifa, na sifa yenyewe ilikuwa ya kuchekwa. Alizishona kwa kitambaa kilichovaliwa na kufuliwa mpaka kikalegea, bila kola wala kifungo, na mishono yote aliitoa nje. Ukimwona mtoto aliyevaa kazi yake, ungedhani mama yake alimvisha huku amefumba macho.

Mwaka 1991, mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nilikwenda mjini nikachagua kitambaa cheupe cha kung'aa, pamoja na lesi ya shingoni, ngumu na yenye maua. Vita vya kaskazini vilikuwa vimepunguza bidhaa madukani, basi kupata kitu kipya namna ile nilijiona kidume. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane, na ukoo mzima huja kumtazama, kila mgeni na jina lake la kupendekeza. Sikutaka mtu aondoke akisema nimemvisha mwanangu matambara. Fundi alikipapasa kile kitambaa, akakisukuma kwangu. "Hii iko ya kupamba meza," alisema. "Niletee shati yako ya zamani, ile imechoka kabisa." Nilipandwa na hasira. Nikamwambia baba wa mtoto ni mimi, kazi yake ni kushona anavyoambiwa. Akashona, tena vizuri.

Siku ya tatu shingo ya binti yangu ilikuwa nyekundu, na chini ya makwapa vilitoka vipele. Majirani wa kike wakaanza kumiminika, kila mmoja na dawa yake. Huyu alileta poda yenye manukato, yule siagi ya ng'ombe, na wa tatu akaongeza kofia ya sufu juu ya ile ya kwanza, maana Kigali yetu hii ya vilima tunaogopa baridi kuliko shetani. Muuguzi wa zahanati alitupilia mbali yote hayo: maji safi, kukausha taratibu kwenye mikunjo, basi. Tukafanya hivyo. Lakini baada ya kumwosha tulimrudishia zile nguo zangu za fahari, naye akalia upya. Siku ya tano ngozi ya chini ya kidevu ilikuwa imechubuka na kutoa maji, na mtoto akakataa kunyonya kwa kuwa kuinua shingo kulimuuma. Niliogopa. Niliogopa kwamba tungefika siku ya jina bila mtoto wa kumpa.

Alasiri hiyo fundi alikuja kutupa hongera. Alimtazama mtoto, akamvua kile kijigauni, akakigeuza, kisha akanisogelea na kunisugua shingoni kwa upande wa ndani, pale lesi ilipounganishwa. Mara tano, mara kumi. Nikamshika mkono aache. "Weye una maneno ya kusema 'acha'," akaniambia. "Mutoto haina maneno, iko na ngozi tu." Nilitegemea anisimange, na haki yangu ilikuwa hiyo. Badala yake aliketi, akatueleza kwamba mtoto wake mwenyewe wa kwanza alimshonea kanzu mpya yenye uzi wa nailoni, ili wazee wa msikitini waione. "Nilimuchubua mimi, na mikono yangu hii. Mpaka leo alama iko." Halafu akadai shati. Nilikuwa na moja la buluu tangu ujana wangu, ambalo mke wangu alikuwa akilitafutia siku ya kulichoma. Alilileta mwenyewe mbio, bila kuniuliza! Likachemshwa na kuanikwa juani, na kesho yake fundi akatuletea fulana tatu.

Siku ya nane ikafika. Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya kwetu hazungumzi nami mengi, alimpokea mjukuu mbele ya wageni na kufunua shuka. Akapaza sauti: "Mana yanjye, Mungu wangu! Nani amegeuza nguo ya mutoto?" Wajomba wakanitazama, nami nikayatazama majani ya mgomba. Mke wangu akasema kwa sauti, "Mama, gusa kwanza." Bibi akapitisha kidole ndani ya fulana, akainua kidevu cha mtoto. Wekundu ulikuwa umebaki kidogo tu, mkavu, na mtoto alikuwa amelala usingizi wa shibe. Bibi akanigeukia mimi, mbele ya wote: "Mukwe, uko na shati ingine?" Wageni walicheka mpaka wakasahau kuleta majina.

Tangu siku ile kila ninapoona kazi ya mtu hujiuliza ameifanyia nani. Nimeingia ofisi zenye mapazia mazuri na benchi moja la wananchi, limevunjika. Nimesoma makala, zikiwemo zangu, zilizoandikwa ili mkubwa fulani atikise kichwa kwa kuridhika, huku msomaji akibaki na mikwaruzo. Fundi alikubali kuchekwa Kabeza nzima ili mtu mmoja asiyejua hata kusema ahsante alale vizuri. Mke wangu ana mimba nyingine sasa, na jana nilimpelekea fundi wa mtaa wa pili shati langu la mwisho, nikamwagiza mishono aitoe nje. Fundi huyo amekwishanionya kwamba watu watasema. Waache waseme. Wageni watatazama saa mbili, watakunywa, watakwenda zao. Atakayebaki ndani ya nguo ni mtoto.