Mbao za Harelimana

Ukiingia leo kwa mwami, mtawala wetu wa jadi, upande wa Himbi, utapelekwa nyuma ya migomba uonyeshwe nyumba ndogo ya mbao inayong'aa vanishi. Ukutani kuna kibao: "Nyumba ya Mlinzi wa Ngoma, 1938." Usikiamini. Maneno yale niliyapiga mimi, katika kibanda changu cha kuchapisha karatasi mkabala na geti la mwami, na wakati ninayapiga nilijua kabisa kwamba ni uongo. Jambo hilo linanikera kila asubuhi ninapofungua kazi.

Nyumba ilikuwa ya Mukabalisa. Mumewe, Harelimana, alikuwa seremala, na aliijenga Birere mwaka 2002, mara tu lava ya volkano ilipopoa kiasi cha kukanyagika. Wakati ule wengi tulijenga kwa mbao, maana nyumba ya mbao unaweza kuifungua ukahama nayo. Kiwanja hakikuwa chao. Mwenyewe alipokitaka, Harelimana alishika patasi akachonga namba kwenye kila ubao, upande wa ndani, moja mpaka mia moja na kumi na mbili. Kwenye ubao wa juu ya mlango akachonga MLANGO. Kisha akaifungua nyumba yote kwa siku mbili. Mwami wa zamani, baba wa huyu wa sasa, alikuwa amewahi kutengenezewa madirisha na Harelimana. Akamwambia aisimamishe kwanza nyuma ya migomba, mpaka apate mahali pake.

Hiyo "kwanza" ikawa miaka kumi na minane. Harelimana akafa, mwami wa zamani naye akafa, mabinti wakaolewa. Mukabalisa akabaki peke yake, akiuza sombe, majani ya muhogo, getini na kufagia ua wa mwami bila kutumwa na mtu. Si mtu rahisi, nisimpambe. Alikuwa akija kwangu kuchaji simu, na kabla haijafika nusu ameshanikosoa kitambaa cha kichwa, chai yangu na namna ninavyokaa kwenye kiti. Lakini nisipomwona siku mbili, nilikuwa naenda kumtafuta.

Siku moja alikuja na karatasi, akaiweka juu ya kompyuta yangu.

"Mama Fatouma, soma. Jina yangu iko?"

"Iko."

"Soma tena."

Shangazi yake alikuwa amemwachia kiwanja Kibati. Mawe matupu, lakini yake. Maisha yake yote alikuwa na nyumba bila ardhi ya kuisimamisha. Sasa kitu kilichobaki kilikuwa kuzifungua mbao, kuzibeba, na kuzipanga tena kwa namba zile zile. Alisema hataki kuzikwa na watu wanaoulizana alikuwa anakaa kwa nani.

Bahati mbaya, mwezi ule ule ndipo mwami mpya alipotaka kuadhimisha miaka mitano ya kiti chake. Sekretere wake, Jephté, akaunda komite ya kuandika historia ya makao. Huyu Jephté ni mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni, mpole hadi unataka kumpiga. Alizunguka ua mzima na daftari lake. Nyumba kubwa ilijulikana, jiko lilijulikana, lakini kwenye orodha alitaka kitu cha zamani zaidi, na macho yake yakaangukia kwa Mukabalisa. Akaona namba ukutani, akafurahi. Akaandika kwamba ni namba za Wabelgiji waliopasua mbao zile.

"Na hii MLANGO?" Mukabalisa alimwuliza. "Wabelgiji njo waliandika Kiswahili?"

"Mama, historia iko na mambo mingi. Acha batu ba komite bachunguze."

Tuliandika barua kwa komite, kuomba aruhusiwe kuondoka na nyumba yake. Mimi ndiye niliyezipiga zote tatu, kwa adabu zote, kuanzia "Kwa heshima kubwa" mpaka "pokea salamu zetu". Ya kwanza wakajibu kwamba komite haijakutana. Ya pili wakajibu kwamba komite imekutana, lakini si juu ya jambo hilo. Katikati ya barua hizo Jephté alikuja kwangu na maneno ya kibao, nami nikayachapa. Ningesema nini? Kwa mwami ndiko ninakopata kazi ya karatasi. Nilijiambia kibao ni kibao tu, mbao zitaondoka.

Barua ya tatu ikajibiwa vizuri. Jephté mwenyewe alilileta jibu kwa mkono. Komite imekubali: Mama Mukabalisa apishe wiki tatu nyumba itengenezwe kwa ajili ya sherehe, na siku ya sherehe, wageni wakishaondoka, atachukua mbao zake zote. Muhuri ulikuwepo. Mukabalisa aliikunja karatasi ile akaitia ndani ya nguo, kifuani, na siku hiyo hakunikosoa kitu.

Wiki tatu alikuwa Kibati kwa binti yake, anasawazisha mawe. Aliniambia kwa simu kwamba ameshapanga msingi, na mlango utatazama barabara.

Siku ya sherehe alikuja amevaa kitenge kipya. Nyuma yake alikuwapo Carlos, mbeba mizigo, na chukudu yake, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na wenzake watatu na zao. Akawaambia wasubiri getini. Tulikaa pamoja chini ya hema. Hotuba zilikuwa ndefu, utepe ukakatwa, nyumba ikapigiwa makofi. Kisha tukaletewa maharage na nyama ya ng'ombe, na Mukabalisa, ambaye hajawahi kusifu chakula cha mtu, alisema maharage yameiva vizuri.

Wageni walipoanza kutoka, alimfuata Jephté.

"Papa, mafundi baanze kufungua sasa."

"Kufungua nini, mama? Hii ni mbao mpya. Hii nyumba ni ya makao sasa."

"Na zangu?"

Jephté hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa, nikamwona anatafuta kalamu mfukoni kana kwamba ingemsaidia. Zile za zamani zilikuwa zimeliwa na wadudu chini, alisema, fundi alishauri zote zibadilishwe. Ziliwekwa nyuma. Wapishi walikuwa wamekosa makala, mkaa wa kupikia.

Mukabalisa alikwenda nyuma ya jiko, nami nikamfuata. Masufuria matatu makubwa yalikuwa yamekwisha kupakuliwa, moto ulikuwa unafifia. Kwenye vipande vilivyobaki majivuni ungeweza kusoma 64, na nusu ya namba nyingine. Mpishi mmoja alikuwa amekalia ubao mmoja mzima, mweusi upande mmoja tu. Mukabalisa akamwomba ainuke. Ulikuwa wa juu ya mlango.

Hakulia, wala hakumtukana mtu, nami nilitamani sana atukane. Aliubeba mwenyewe mpaka getini.

"Mama, mizigo iko wapi?" Carlos akauliza. "Ulituambia ni nyumba."

"Njo hii," alisema, akimwonyesha ubao.

Carlos alinitazama mimi, kana kwamba nitamweleza. Aliulaza ubao juu ya chukudu, akaufunga kwa kamba mara mbili ingawa haukuhitaji, wakaanza kupanda kuelekea Kibati, na zile chukudu tatu tupu zikawafuata.

Mimi nilibaki getini. Nilikuwa nimekula sahani mbili.