Kama Anania Alifika Kapiri

Mimi nashona maturubai ya malori hapa Tunduma, na ubavuni kwangu kuna kibanda cha Jenista. Tumetenganishwa na ukuta wa mbao wenye tundu la kupitisha mkono, kwa hiyo siwezi kujifanya sijui mambo yake. Akipiga chafya, namwambia "Afya!" kabla hajapata kitambaa.

Jenista ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Igamba. Alisomea kompyuta Mbeya, akarudi na cheti chake kwenye bahasha ya kaki, akaitwa kwenye usaili Vwawa mara nne. Mara ya nne alikuta watu mia tano wanagombea nafasi mbili, akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata alifungua kibanda. Anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za paspoti. Lakini kilichompa jina hapa mpakani ni gemu la malori.

Nieleze kidogo. Malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo hukaa kwenye foleni siku mbili, siku nne, pengine wiki nzima, na dereva hana pa kwenda. Basi utamkuta mtu aliyeshika usukani tangu Dar anafungua laptopu yake na kuanza kuendesha lori la kwenye kioo! Nilimuuliza mmoja kama hachoki. Akanijibu kwamba hilo la kwenye kioo halipigwi tochi ya mwendokasi na trafiki.

Gemu lenyewe ni la Ulaya, lina barabara za Ulaya. Vijana wa kwetu na wa Zambia wametengeneza vipande vya kuongezea, wanaviita modi. Iko modi ya barabara yetu kutoka Dar mpaka Kongo, iko ya malori tunayoyajua, iko mpaka ya honi. Shida ni kwamba kila modi ina fundi wake, na mafundi hao hawajuani. Gemu likijibadilisha toleo, modi za zamani zinagombana nalo, linajifunga kabla hujatia gia. Hapo ndipo mtu anapomtafuta Jenista.

Nilizoea kumtania kwamba anatibu magonjwa ya watoto. Ila kazi yake aliiheshimu kuliko wengine wanavyoheshimu ndoa. Kwanza anasoma faili la maandishi ambamo gemu huandika kila linachofanya, na mistari ya makosa inatokea kwa rangi nyekundu. Kisha anatoa modi moja moja huku akiandika kwenye daftari, mpaka ampate mgomvi. Na ikibidi kuzitoa zote, kwanza anaweka nakala ya folda nzima. "Mzee Osea," aliniambia siku moja, "fundi asiyeweka nakala ni mganga asiyejua jina la mgonjwa." Nilicheka. Siku hizi sicheki.

Mwezi wa tano alikuja dereva mmoja mtu mzima, Mzee Raphaeli, kwao Vwawa. Laptopu ameifunga kwenye blanketi la mtoto. Jenista alimwamkia, akaitikia, kisha akasimama tu pale mlangoni na furushi lake kama mtu aliyeleta maiti hospitali. Nilimvutia kigoda changu.

Laptopu ilikuwa ya mwanawe, Anania. Anania alikuwa na sikoseli. Tangu utotoni alitaka kuwa utingo wa baba yake, na daktari akakataza, maana vumbi na baridi za safari zingemmaliza. Baba akamnunulia laptopu. Wakapanga kitu ambacho mimi sijawahi kukisikia kwingine: baba akiondoka na lori lake la kweli, mtoto anaondoka na la kwake kwenye gemu, barabara ileile. Lake lilikuwa jekundu kama la baba, na nyuma ameliandika "Mama Anania" kama la baba. Kila jioni wanapigiana simu. "Uko wapi?" "Niko Mpika." "Na mimi naingia Mpika." Wakalala mji mmoja hivyo kwa miaka mitatu.

"Mara ya mwisho nilikuwa Kapiri Mposhi, kule Zambia," alisema Mzee Raphaeli. "Nikampigia. Akaniambia, baba, nisubiri, bado kidogo nifike. Nikacheka, nikamwambia haya njoo. Alfajiri nikaondoka. Sikumsubiri."

Asubuhi ile Anania alizidiwa. Baba alipata habari akiwa amekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, lori la watu, mzigo wa watu, hana wa kumwachia. Wakamzika Vwawa yeye hayupo. Mama yake, Fausta, ndiye aliyeifunga laptopu mezani bila kuitazama, akampa mume wake. Nayo ikakaa mwaka mzima nyuma ya kiti cha lori. Siku aliyopata moyo wa kuifungua alikuwa Dar, akaiunganisha na intaneti ya hoteli, gemu likajibadilisha toleo palepale. Tangu hapo linajifunga.

"Sitaki kucheza, mwanangu," alimwambia Jenista. "Nataka kuona alipoegesha. Nijue kama alifika Kapiri."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, foleni imelala. Jenista alifungua gemu, likajifunga. Akasoma mistari myekundu, akatoa modi ya honi. Likajifunga. Akatoa ya madaraja, likajifunga. Mara kumi na moja alilifungua, mara kumi na moja likamfungia mlango usoni, na mzee yule hakubandua macho kwenye kioo hata kunywa chai. Mimi nilikuwa na turubai la watu la kumaliza lakini nilijikuta nimesimama kwenye tundu la ukuta, sindano mkononi.

Saa saba Jenista alisema, "Baba, itabidi nizitoe zote. Ila safari yake ilihifadhiwa na modi zikiwemo. Nikiifungua bila modi, gemu litaniuliza kama niendelee. Kwanza niweke nakala."

Akaanza kunakili folda nzima, kama desturi yake. Diski ya laptopu ile ilikuwa imechoka, ikaandika kwamba zimebaki dakika hamsini. Tukangoja. Robo saa haijapita, simu ya mzee ikaita. Alikuwa utingo wake, Gasper. Tulimsikia wote: "Mzee, njoo! Mbele wamewasha! Foleni inatembea!"

Asiyekaa Tunduma hawezi kuelewa maneno hayo. Foleni ikisogea na dereva hayupo, walio nyuma wanampita, na akishapitwa anarudi mkiani, siku nne nyingine. Tajiri wa lori hataki kusikia habari za marehemu. Mzee Raphaeli alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwanangu, fungua tu," alisema. "Nione, niende."

"Baba, nakala haijaisha."

"Fungua. Mwezi ujao sijui kama nitakuwa na moyo huu."

Sitamlaumu binti wa watu. Mimi mwenyewe niliropoka kupitia tundu, "Mfungulie mzee, Jenista!" Nimelijutia neno hilo. Akakatisha nakala, akatoa modi zote, gemu likafunguka. Likauliza kama aendelee. Akabonyeza ndiyo.

Likatokea lori jeupe. Limeegeshwa kwenye yadi safi yenye nyasi, nyuma yake majengo ya matofali na kibao cha lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Gemu halikulijua lori la Anania wala barabara aliyokuwapo, kwa hiyo lilimpa jingine la kwao na kumrudisha Ulaya, mahali pa kuanzia. Na papo hapo, pembeni ya kioo, ikazunguka alama ndogo. Gemu limehifadhi safari, lenyewe, juu ya ile ya zamani, na ya zamani imefutika. Jenista akaachia kipanya.

"Hapa ni wapi?" aliuliza Mzee Raphaeli.

Najua alichofanya Jenista na najua kwa nini. "Amefika, baba," alisema. "Alipita Kapiri. Alifika mbali sana."

Mzee alivaa miwani, akainama. Mtu aliyeendesha malori miaka ishirini na sita haangalii nyasi wala majengo, anaangalia dashibodi. Akaweka kidole kwenye kioo, taratibu.

"Tangi limejaa," alisema. "Kilomita sifuri. Mwanangu, hili lori halijawahi kwenda popote."

Jenista alilia. Alimweleza yote, nakala, ndiyo, alama iliyozunguka. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitamani agombe, apige meza. Alisema tu, "Basi, mwanangu. Maji yakishamwagika hayazoleki," akalikunja lile blanketi, akaliweka kwapani, laptopu akaiacha. Honi za malori zilikuwa zinalia barabara nzima. Alikimbia kwa mwendo wa mtu mzima na sandali zake, na hakuwahi. Walikuwa wameshampita. Alilala siku tatu nyingine mkiani, mita mia nane kutoka hapa, na hakuja.

Jenista amejaribu kila kitu. Alitafuta kwenye ile nakala iliyokatika, safari haikuwamo; akatafuta kwa programu za kufufua mafaili, akaandikia vijana wa modi, mmoja akamjibu kutoka Ndola kwamba pole sana, dada. Na aligundua jambo linalomla mpaka leo: safari yenyewe ilikuwa faili dogo kuliko picha moja ya paspoti. Angeinakili hiyo peke yake, ingeisha kabla mzee hajakata simu. Ni desturi yake ya folda nzima, ile niliyomsifia, iliyomponza.

Kuna lingine aliloniambia wiki iliyopita tu, akiwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Lile faili la maandishi, alilolisoma asubuhi ile kwa mara ya kwanza, lilikuwa na mstari uliotaja mji lori lilipoegeshwa. Anakumbuka kuuona. Haukuwa mwekundu, haukuwa kosa, akaupita akitafuta makosa. Na gemu likifunguliwa hufuta maandishi ya mara iliyotangulia, yeye alilifungua mara kumi na moja, na modi zilipoanza kutolewa mji ule haukuandikwa tena.

"Mji wenyewe ulikuwa Kapiri?" nilimuuliza.

"Sijui, Mzee Osea. Nilikuwa natafuta nyekundu."

Laptopu iko kwenye rafu yake, juu ya mabunda ya karatasi. Gemu la malori hapokei tena, madereva wanakwenda kwa kijana mmoja wa karibu na stendi. Mzee Raphaeli bado anapita kila mwezi. Juzi Gasper alikuja kwangu kuchukua turubai, nikamuuliza hali ya bosi wake.

"Mzima," alisema. "Ila siku hizi tukilala Kapiri hawashi gari alfajiri. Wenzetu wote wanaondoka, sisi tumekaa tu kwenye kebini mpaka saa nne. Nikimuuliza tunasubiri nini, ananiambia ninyamaze."