Kioo cha Bi Somoe

Wajukuu mtakaosoma, hili nimelificha miaka mingi. Juzi mjukuu wangu Zuhura alisugua kalamu kwenye nywele, vipande vya karatasi vikairukia. "Bibi, huu ni umeme. Radi nayo ni umeme, inatafuta kilicho kirefu."

Hapo nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Alasiri ile shamba letu la Ruangwa lilinuka mabibo yaliyooza na mvua ya kwanza. Kaka yangu alijikinga chini ya mkorosho mrefu. Ukasikika mlio mmoja tu, kaka akawa hayupo. Wakubwa walijua swali moja: "Nani katuma radi?"

Nami, mtoto, nikasema, "Bi Somoe. Nimemwona na kioo, radi inawaka ndani yake."

Jirani yetu huyo alikuwa akikifunika kioo chake kwa kanga, kama tulivyofanya sote mvua ikija, tukiamini kioo huvuta radi.

"Mwanangu, mimi?" aliniuliza. Sikuyakana maneno yangu. Walimfukuza, akafia Mnero, kwenye nyumba ya watu.

Kaka nilimlilia siku ile. Bi Somoe namlilia sasa.

Basi humu ndani nimeamuru: mtu akifa, atakayeuliza "nani" kabla ya kuuliza "nini" hatakula chakula changu.